Daftari Nyuma ya Kaunta: Duka la Mtaa Kitale na Bungoma

Watu wa Kitale na Bungoma wakiulizwa juu ya duka la mtaa la zamani, huanza na vitu. Hutaja mkebe wa Kimbo, mafuta ya taa yaliyopimwa kwa kibaba, Blue Band iliyochotwa kwa kijiko na kupakwa kwenye karatasi, sigara zilizouzwa moja moja, peremende za Patco, chingamu za Big G, mkate uliokatwa nusu. Baada ya vitu humtaja mwenye duka: alikuwa mpole au mkali, alipunja vipimo au aliongeza kidogo. Ni nadra mtu kuanza na deni. Ilhali mahali ambapo mshahara huja mwisho wa mwezi na mavuno huja mara moja kwa mwaka, deni ndilo lililokuwa shughuli kuu ya duka. Nitakalotetea hapa ni hili: duka la mtaa lilikuwa taasisi ya kukopesha kabla ya kuwa mahali pa kuuzia. Anayetaka kuielewa safari yake tangu miaka ya 1920 na aulize nani aliruhusiwa kumkopesha nani, chini ya sheria ipi, na deni lilidaiwa vipi. Tukiliuliza swali hilo, kumbukumbu zetu nyingi hukaa sawa, na mbili tatu hupinduka.

Tuanze na kalenda, maana kalenda ndiyo inayozaa deni. Mahindi ya Trans Nzoia hupandwa Machi na Aprili yakavunwa kuanzia Oktoba, msimu mmoja tu kwa mwaka. Miwa ya Bungoma ni ya subira zaidi, kwani ile inayopandwa mara ya kwanza huhitaji kama mwaka mmoja na nusu kabla ya kukatwa, na baada ya hapo mkulima bado anangoja malipo. Kati ya kupanda na kulipwa kuna nyumba inayohitaji chumvi, majani chai, sabuni, kibiriti na mafuta ya taa, yaani vitu ambavyo shamba haliwezi kuvitoa hata likilimwa kwa bidii gani. Miezi ya Mei, Juni na Julai, ghala likiwa tupu na mahindi yakiwa bado mabichi, ndiyo miezi ambayo daftari la mwenye duka hujaa. Benki haikuwa na jibu kwa shida hiyo. Benki hutaka hatimiliki ya ardhi na mdhamini, na hakuna meneja aliyewahi kujaza fomu kwa ajili ya robo kilo ya sukari. Mwenye duka alihitaji neno moja tu la mteja, "niandikie", na kalamu. Tathmini aliyoifanya kichwani wakati huo ilikuwa nzito kuliko inavyodhaniwa: huyu ana ekari ngapi za mahindi, ni mwalimu au ni kibarua, baba yake alilipa, atakuwepo mtaani mwezi ujao?

Miji hii miwili ilianza katika mazingira tofauti, na tofauti hiyo iliamua nani angekuwa nyuma ya kaunta. Kitale ilianzishwa na walowezi, na ikapata uhai wa kibiashara reli ilipofika mwaka 1926. Mashamba yote mazuri yaliyoizunguka yalikuwa sehemu ya Nyanda za Juu za Wazungu. Mhindi hakuruhusiwa kumiliki shamba humo, lakini aliruhusiwa kuwa na ploti ya biashara mjini, kwa hiyo alifungua duka. Wateja wake walikuwa wa aina mbili ambao hawakukaa meza moja: mlowezi aliyechukua bidhaa kwa hesabu akisubiri mavuno, na kibarua wa shambani aliyefanya kazi kwa tiketi ya siku 30, akilipwa tu zikitimia, huku sehemu ya ujira wake ikiwa posho ya unga. Bungoma kwa upande wake ilikuwa ndani ya hifadhi ya Waafrika ya Kavirondo Kaskazini. Huko biashara ilikusanyika kwenye vituo na masoko kama Kimilili na Malakisi, na Waafrika waliotaka kufungua maduka waliomba ploti za soko kupitia mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa katikati ya miaka ya 1920. Duka la Mhindi, popote lilipokuwa, lilisimama juu ya mnyororo mrefu wa kuaminiana. Mwagizaji wa Mombasa alimkopesha mwenye jumla wa bara, mwenye jumla akamkopesha mwenye duka dogo, na mwenye duka dogo akamwandikia mteja. Mfanyabiashara Mhindi Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mtandao wa namna hiyo unaweza kutoka pwani hadi Uganda bila mwenyewe kukaa nyuma ya kila kaunta.

Hapo ndipo serikali ya kikoloni ilipoingiza mkono. Mwaka 1926, mwaka uleule wa reli ya Kitale, ilipitishwa sheria ya kudhibiti mikopo kwa wenyeji, na mwaka 1948 ikaandikwa upya. Kiini chake kilikuwa kwamba mfanyabiashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 bila mkataba kuidhinishwa na ofisa wa serikali, asingeweza kulidai deni hilo mahakamani. Tuisome sheria hii tukiwa tumesimama dukani. Mama anayechukua chumvi na sabuni mjini Kimilili hafikii shilingi 200 hata kwa miezi kadhaa, kwa hiyo sheria haimgusi. Mfanyakazi wa shamba la mlowezi haimgusi pia. Inamgusa Mwafrika anayetaka kujaza rafu za duka lake mwenyewe: magunia ya sukari, katoni za sabuni, marobota ya amerikani, madebe ya mafuta ya taa. Huyo ndiye anayehitaji zaidi ya shilingi 200 kwa mkupuo, na huyo ndiye ambaye mwenye jumla anaogopa kumpa. Mwafrika aliachwa huru kuwa mdaiwa mdogo milele, akazuiwa kuwa mfanyabiashara wa kukopesha wengine.

Watetezi wa sheria hiyo walikuwa na hoja, na tusiipuuze. Walisema inamlinda mwenyeji asiyejua hesabu za riba asije akapoteza ng'ombe na mazao kwa wakopeshaji wajanja. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni, kwani India yenyewe wakati huo ilikuwa na mifano ya vijiji vizima vilivyofungwa na madeni. Lakini sheria ya kumlinda mkulima ingeweka kikomo kwenye riba, au ingemzuia mdai kunyakua ardhi. Hii iliweka kikomo kwenye ukubwa wa imani. Tukiikumbuka pamoja na ile ya mwaka 1935 iliyotaka wanunuzi wa mazao ya wenyeji wawe na leseni, tunaona mpango mzima: Mwafrika anunue rejareja, auze shambani, na njia iliyo katikati ishikwe na wengine. Kwa hiyo masimulizi yanayosikika mara kwa mara, kwamba Waafrika wa kwanza kufungua maduka walianguka kwa sababu ya kukopesha ndugu zao ovyo, yanahitaji kurekebishwa. Walikopesha, ndiyo, kama kila mwenye duka alivyokopesha. Walichokosa ni mtu wa kuwakopesha wao wakati ndugu wanasubiri mavuno.

Uhuru ulipokuja, dawa iliyotolewa ilikuwa leseni. Shirika la Taifa la Biashara liliundwa mwaka 1965 na kupewa usambazaji wa bidhaa muhimu kama sukari kupitia wafanyabiashara Waafrika. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 ikawazuia wasio raia kufanya biashara nje ya maeneo maalumu ya miji na kuuza bidhaa zilizoorodheshwa. Familia nyingi za Kihindi zilizokuwa na pasipoti za Uingereza zilifunga na kuondoka, hasa mwaka 1968 kabla na baada ya Uingereza kubana mlango wake. Katika miji midogo kama hii yetu, badiliko lilionekana kwa macho: jina jipya likapakwa rangi juu ya mlango uleule. Kumbukumbu hapa hugawanyika. Wako wanaosema kwamba baada ya hapo maduka yalikosa vitu na mambo yakaharibika, na wanaona hilo kama ushahidi kwamba biashara ina wenyewe. Wako wanaosema ndipo tulipoanza kuwa watu mjini kwetu. Mimi naona wote wanatazama rafu. Leseni ilihamisha jengo, kaunta na mizani, lakini ule mnyororo wa kutoka Mombasa hauhamishwi kwa barua ya serikali. Mwenye duka mpya alirithi wateja wanaosema "niandikie" bila kurithi mwenye jumla anayemwambia "chukua, utalipa baada ya siku 60". Mikopo ya shirika la serikali la maendeleo ya viwanda na biashara, ICDC, iliwasaidia baadhi yao, lakini mkopo wa serikali una tarehe na mdhamini, ilhali mkopo wa mwenye jumla hunyooka na kujikunja kufuatana na msimu. Kwamba wengi wao walidumu, wakajenga nyumba na kusomesha watoto kwa faida ya chumvi na sabuni, ni jambo la kustaajabisha kuliko kwamba baadhi walishindwa.

Miaka ya 1970 inastahili kukaliwa kitako, hasa upande wa Bungoma. Viwanda vikubwa vilikuja kwa kufuatana: kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianza uzalishaji mwaka 1974, na kile cha sukari cha Nzoia mwaka 1978. Mshahara wa kiwandani ulileta mteja mpya ambaye mwenye duka alimpenda kupita wote, mtu ambaye tarehe yake ya kulipwa inajulikana. Wakati huohuo mpaka wa Uganda ulikuwa umegeuka mgodi. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Wahindi mwaka 1972, Uganda ilikosa chumvi, sabuni na sukari. Kisha barafu ya Julai 1975 iliharibu mibuni ya Brazil na bei ya kahawa ikapaa duniani. Mkulima wa upande wa pili wa Mlima Elgon alikuwa akilipwa na bodi ya serikali yake kwa shilingi iliyokuwa ikifa. Kahawa ikaanza kuteremka usiku kuelekea soko la Chepkube upande wa Kenya, na bidhaa za madukani zikapanda mlima kuelekea Uganda. Magendo ya Chepkube ya mwaka 1976 na 1977 yamebaki hadithi kubwa kanda nzima, na wenye mamlaka walifumba macho. Simulizi za Chepkube hupenda kusifu ujasiri wa wabeba magunia. Ujasiri ulikuwepo, lakini biashara ya usiku haingojei mtu aende benki asubuhi. Kahawa ikifika, chumvi na sabuni ziwe zimekwisha kuwa tayari, na aliyeweza kuzipata bila kulipa kwanza ndiye aliyechuma. Kwa kipindi kifupi, duka la pembeni ya mlima lilipata kile ambacho sheria ya 1926 ilikuwa imekinyima kizazi kilichotangulia: kuaminiwa kwa mali nyingi kwa wakati mmoja.

Kuna kumbukumbu nyingine ya enzi hiyo ambayo naiamini kwa sababu inamwaibisha kila mtu: sukari ya chini ya kaunta. Kuanzia mwaka 1956 hadi soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, bei za bidhaa muhimu zilipangwa na serikali. Mahindi yenyewe hayakuweza kuvushwa kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali, jambo lililomfanya mtu wa Bungoma aitazame Kitale yenye maghala yaliyojaa kana kwamba iko nchi nyingine. Bidhaa ikiwa adimu na bei yake haipandi, lazima kitu kingine kiamue nani apate. Kilichoamua kilikuwa daftari. Mteja wa siku zote aliyekuwa akilipa deni lake alivutwa kando, akanong'onezwa na kupewa kilo yake, wakati mgeni mwenye pesa taslimu mkononi aliambiwa imekwisha, au alilazimishwa kununua na kitu kingine asichokihitaji. Huo ulikuwa upendeleo, na ulikuwa kinyume cha sheria. Ulikuwa pia ushahidi kwamba kujulikana dukani kulikuwa na thamani ambayo pesa haikuweza kuinunua siku hiyohiyo.

Imani ya namna hiyo inahitaji watu wasiohama ghafla. Mapigano ya kikabila ya 1991 na 1992 yaliyowafurusha watu Endebess, Saboti na vijiji vya Bungoma vinavyopakana na mlima, na tena ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, yalichoma maduka, na pamoja nayo madaftari. Aliyekimbia akiwa na deni hakulilipa, aliyekimbia akiwa anadai hakulipwa, na waliorudi walikuta wavu wa chuma kati ya mteja na muuzaji. Wavu huo hauna haja ya maelezo marefu.

Sasa nijibu pingamizi linalosikika kuliko yote, kwamba historia hii imekwisha kwa sababu supamaketi zimeliua duka. Kitale ni mahali pabaya pa kutolea hoja hiyo. Khetia's, supamaketi inayojulikana leo Kitale, Bungoma, Eldoret na Kisumu, ilianzia Kitale kama duka la nguo. Supamaketi katika kanda hii ni mtoto wa duka, hakutoka mbinguni. Halafu tazama ni nani waliokufa. Supamaketi ya Nakumatt ilikuwa imesambaa katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki kabla ya kuanguka kati ya 2017 na 2018, ikiwa na madeni ya mabilioni ya shilingi kwa mabenki na wauzaji wa bidhaa. Supamaketi ya Uchumi ilidhoofika kwa maradhi hayohayo, na Tuskys ikafuata. Supamaketi hukopa kwenda juu, kwa wanaoiletea bidhaa, na haimkopeshi mteja hata kibiriti. Duka la mtaani Tuwan mjini Kitale au Mandizini mjini Bungoma hukopa juu na kukopesha chini, kwa hiyo linajua kwa jina kila shilingi iliko. Lililowaumiza wenye maduka ya Webuye kupita supamaketi yoyote ni kufungwa kwa kiwanda cha karatasi mwaka 2009, kwa sababu siku hiyo kurasa nzima za daftari ziligeuka karatasi tu.

Mshindani wa kweli alikuja bila rafu wala mizani. M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, ilipoanza Machi 2007 ililifanya duka kuwa wakala, na wenye maduka waliifurahia, kwani mteja anayekuja kutoa pesa huondoka na mkate. M-Shwari ya mwaka 2012 ikaleta mkopo wa simu, na Fuliza ya Januari 2019 ikafika mpaka kwenye kaunta yenyewe: salio likipungukia mteja akilipa, simu humkopesha palepale kwa ada. Tarehe 30 Novemba 2022 serikali ilizindua Hustler Fund, mkopo wa shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, wa kurudishwa ndani ya siku 14. Serikali iliyorithi kiti cha ile iliyosema mwaka 1926 kwamba Mwafrika asiaminiwe kwa mali nyingi sasa inamwandikia yenyewe, bila kumjua sura. Tofauti iliyopo kati ya mikopo hii na "niandikie" ni ya kalenda. Siku 14 ni kipimo cha mchuuzi wa mjini anayeuza leo na kununua kesho, na kwake mkopo wa simu unafaa. Mahindi hayajawahi kukomaa kwa siku 14. Ndiyo maana mwezi wa Juni, pembezoni mwa Matisi na kote Kiminini huko Trans Nzoia, daftari bado linaandikwa na watu walewale wenye simu mfukoni.

Atakuwepo wa kusema: unaremba unyonyaji. Sukari ya robo ilikuwa ghali kuliko ya kilo, unga wa gorogoro hupungua mkononi mwa mpimaji, na aliyeko kwenye daftari hathubutu kuuliza bei. Ni kweli, na nakubali zaidi ya hapo. Wapo ambao hawakuandikwa kabisa: kibarua wa siku, mgeni wa mtaa wa mabanda wa Kipsongo, Kitale, asiye na shamba wala mdhamini, na mara nyingi mke ambaye deni lilisomeka kwa jina la mume hata kama ni yeye aliyelilipa kwa kuuza mboga. Taasisi ya kukopesha ina mlango, na mlango hufungwa. Ila bei ya juu ya robo ilikuwa imebeba ndani yake miezi ya kungoja na wale wasiolipa, na mteja alijua. Methali yetu ya kukopa harusi na kulipa matanga ilibandikwa kwenye kuta nyingi za maduka pamoja na onyo kwamba mkopo umekwisha, na chini ya onyo hilohilo mkopo uliendelea kutolewa. Anayelaumu duka kwa unyonyaji na aseme ni nani mwingine aliyekuwa tayari kungoja mpaka Desemba.

Mwishowe kuna wanaoshuku kumbukumbu zenyewe, kwamba wazee husahau na kutia chumvi. Wanasahau bei, ndiyo. Kila mtu hukumbuka sukari ilivyokuwa rahisi akasahau ujira wake ulivyokuwa mdogo. Kwa sababu hiyo hasa tunahitaji maandishi ya kuzipimia. Cynthia Salvadori alipokusanya masimulizi ya Wahindi wa Kenya na kuyachapisha mwaka 1996 katika juzuu za We Came in Dhows, alionyesha kwamba kumbukumbu za familia zikiwekwa pamoja huanza kusahihishana. Maduka ya Waafrika ya baada ya 1967 hayajapata kazi ya namna hiyo hapa kwetu, na wenyewe wanazeeka. Madaftari yao yako kwenye masanduku chini ya vitanda, yakiliwa na mchwa, au yanafungiwa karanga.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti leseni za biashara na pia makumbusho na maktaba. Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zinajua kila duka kwa namba ya leseni, na mjini Kitale kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1974, yaliyokua kutoka mkusanyo wa mlowezi mmoja. Naziomba kaunti hizo mbili zipokee madaftari ya zamani, zinakili kurasa zake, na zifiche majina ya wadaiwa kwa miaka itakayokubaliwa na familia, ili aibu ya mtu isifanywe maonyesho. Na kwako uliye na daftari la mzazi wako nyumbani: usilichome, na usimpe muuza karanga.